Mashilingi ya kichwani hayaponi kwa kupaka

Mhariri,

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, vibanda vya vinyozi hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Kibuye, hujaa watoto wanaosubiri zamu. Mashine ni moja, brashi ya kupangusia nywele ni moja, na kitambaa cha kufunikia mabega ni kile kile tangu asubuhi. Wiki chache baadaye wazazi wale wale hupanga foleni kwenye maduka ya dawa kununua krimu ya mashilingi, yale mabaka ya magamba kichwani. Wanapaka, wanangoja, wanapaka tena, wanabadilisha krimu. Kichwa hakiponi, na lawama humwangukia mtoto kwamba haogi.

Kichwa hicho hakiponi kwa sababu kinatibiwa kama ngozi ya mkono. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Ugonjwa wenyewe kila mtu anaujua kwa jina: mashilingi, kwa vile baka lake ni la duara kama sarafu. Kwenye kamusi ni choa, na jirani zetu wa Tanzania wakiuona kichwani husema mapunye. Jina la Kiingereza, ringworm, linataja mnyoo, na hapo ndipo watu hupotea. Wapo wanaompa mtoto dawa ya minyoo wakitarajia duara lififie. Hakuna mnyoo hapo. Ni kuvu, za makundi matatu ambayo wataalamu huyaita Trichophyton, Microsporum na Epidermophyton, na chakula chake ni keratini, ile protini ngumu inayounda tabaka la juu la ngozi lililokwisha kufa, pamoja na nywele na kucha. Haziishi tumboni wala hazitembei kwenye damu. Kwa hiyo wale wanaouza dawa za "kusafisha damu" ili mashilingi yaishe wanasafisha mifuko tu.

Kwa nini duara? Kuvu hutua mahali pamoja, na baada ya siku 4 hadi 14 hivi hujitokeza kipele kidogo chenye magamba. Kutoka hapo hutambaa kwenda nje pande zote, ikitafuta ngozi mpya ya kula. Nyuma yake kinga ya mwili huwa imeanza kufagia, ndiyo maana katikati panatulia na ukingo unabaki umeinuka, una magamba na unawasha. Kuvu iliyo hai iko ukingoni. Ukilielewa hilo, mengi mengine yanajieleza: mtaalamu wa maabara hukwangua ukingo, si katikati, na anayepaka dawa katikati ya duara peke yake anapaka mahali ambapo adui ameshahama.

Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha ngozi nyeupe yenye duara jekundu. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu. Ukingo huwa wa kahawia iliyokolea, wa kijivu, au wenye rangi ya zambarau kidogo, na mara nyingi kidole huutambua kabla ya jicho. Pitisha ncha ya kidole kutoka katikati kwenda nje. Utahisi kituta kidogo chenye mikwaruzo. Baada ya kupona, doa jeusi linaweza kubaki kwa wiki nyingi au hata miezi. Hilo ni kovu la rangi tu. Kama kituta na magamba vimeisha, kuvu imekwenda, na hakuna haja ya kulisugua doa kwa mawe na krimu za kung'arisha.

Si kila duara ni mashilingi. Ukurutu wa mabaka ya duara hukaa sana miguuni na mikononi, na baka lote huwa na magamba au majimaji, bila katikati kutulia. Kuna ugonjwa mwingine unaoanza na baka moja kubwa kifuani au mgongoni, kisha baada ya wiki moja au mbili vinatokea vidoa vingi vya umbo la yai vilivyojipanga kama matawi ya mti. Huo huondoka wenyewe baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Mba wa kifuani na shingoni, wenye madoa meupe au meusi yanayoungana, unatokana na hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu, nao hauambukizi. Na lipo baka moja ambalo halipaswi kupuuzwa: lililopauka, lisilowasha, lisilotoa jasho, na lisilohisi. Mfumbe mgonjwa macho, gusa baka kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, umwombe aonyeshe ulipogusa. Akikosa mara kadhaa, na kwingineko anapata, aende hospitali kupimwa ukoma. Magharibi mwa Kenya hatuna sababu ya kusema ukoma ni hadithi za kale. Hospitali ya Alupe kule Busia ilijulikana kwa kutibu ugonjwa huo hasa, na dawa zake hutolewa bila malipo.

Penye shaka, kipimo si cha ajabu. Muuguzi hufuta mafuta na krimu kwenye baka, hukwangua magamba ya ukingoni kwa kisu butu, na fundi wa maabara huyaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20. Tone hilo huyeyusha ngozi na kuziacha nyuzi za kuvu zikionekana, kwa darubini ile ile inayotazamia malaria. Kwa kichwa huchukuliwa vipande vya nywele zilizokatika pamoja na magamba. Ile taa ya zambarau inayowashwa gizani isiwadanganye watu: hung'arisha kijani baadhi ya kuvu za Microsporum, lakini Trichophyton violaceum, ambayo ni ya kawaida vichwani mwa watoto Afrika Mashariki, haing'ai. Kukosa mwanga si kukosa ugonjwa.

Mashilingi ya mwilini, yakiwa baka moja au machache, ni kazi rahisi. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, asubuhi na jioni, kwenye ngozi iliyooshwa na kukaushwa kabisa, ukivuka ukingo wa duara kwa sentimita 2 kila upande. Tabaka liwe jembamba. Krimu ya kujaza ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, tangu mkunjo wa mwisho hadi kwenye ncha, ni kama nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili. Kwa hiyo baka la ukubwa wa kiganja kimoja linahitaji nusu gramu kwa siku, na tyubu ya gramu 20 itadumu siku 40. Tyubu moja inatosha. Kinachokosekana ni subira: watu huacha siku ya tano mwasho ukiisha. Tumia wiki 2 hadi 4, na uendelee angalau wiki moja baada ya magamba kuisha. Terbinafini ya asilimia 1 huwahi zaidi, wiki moja au mbili. Marhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, bado inafanya kazi na ni ya bei nafuu, ila inachoma. Isipakwe usoni wala kwenye kinena.

Sasa kichwa. Hapa kuvu haikai juu ya ngozi kama doa la tope. Huingia kwenye unywele wenyewe na kushuka nao hadi ndani ya kitundu unamoota. Krimu haifiki huko, hata ukipaka tyubu kumi. Dalili zake si lazima ziwe duara safi. Wakati mwingine ni magamba tu yanayofanana na mba wa kichwani. Wakati mwingine ni sehemu zenye upara wa kijivu ambapo nywele zimekatika milimita chache juu ya ngozi. Na mara nyingi ni nukta nyeusi, kama zilizochorwa kwa kalamu, ambazo ni vishina vya nywele zilizokatikia usawa wa ngozi. Gusa nyuma ya shingo na nyuma ya masikio. Mtoto mwenye magamba kichwani, nywele zinazokatika na tezi zilizovimba hapo, uwezekano mkubwa ana mashilingi. Upara laini unaong'aa, usio na gamba hata moja, una sababu nyingine.

Dawa ni ya kumeza, na ni ya kuandikiwa na daktari. Iliyozoeleka zaidi ni griseofulvini, iliyopatikana kutoka kwa kuvu nyingine mwaka 1939 na kuanza kumezwa na wagonjwa mwaka 1958. Dawa hii kwa kweli haiui kuvu, inaizuia kukua. Huingia kwenye unywele unaotengenezwa upya, kuvu ikashindwa kuushika, kisha tunangoja unywele mchafu usukumwe juu na kunyolewa. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu ni wiki 6 hadi 8, na hakuna njia ya mkato.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo mambo huharibikia. Kipimo cha kawaida kwa mtoto ni miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 300 hadi 400. Kwa tembe za miligramu 125 hizo ni tembe 3 kila siku, yaani tembe 126 kwa wiki 6, au 168 kwa wiki 8. Mzazi anayeondoka dukani na tembe 30 kwenye bahasha ya kaki amenunua siku 10. Nywele zitaanza kuota, atafurahi, dawa itaisha, na kabla ya likizo ijayo upara utakuwa umerudi. Watu husema dawa imezoeleka mwilini. Haikuzoeleka, haikumalizwa.

Jambo la pili ni chakula. Griseofulvini huingia mwilini vizuri ikiwa tumboni kuna mafuta. Mpe mtoto dawa hiyo pamoja na maziwa yasiyoondolewa malai, parachichi, karanga au omena ya kukaanga. Si kwa chai ya rangi. Inaweza kuleta maumivu ya kichwa au ya tumbo, na kuifanya ngozi ichomwe upesi na jua. Mjamzito asiimeze, na mwanamume anayeitumia asitungishe mimba hadi miezi 6 ipite baada ya kuacha. Terbinafini ya kumeza ni chaguo jingine zuri dhidi ya Trichophyton: miligramu 62.5 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, 125 kwa wa kilo 20 hadi 40, na 250 kwa aliyezidi hapo, kwa wiki 4 hivi. Dhidi ya Microsporum, griseofulvini ndiyo inayofaa zaidi. Tembe za ketokonazoli ziacheni kabisa. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Marekani na Ulaya walizipiga vita kwa maradhi ya ngozi kwa sababu ya madhara yake kwenye ini.

Ipo sura moja ya kutisha: kichwa huvimba sehemu moja, kikawa laini kama embe lililoiva kupita kiasi, usaha ukitoka kwenye vitundu vingi. Mara nyingi mtoto hupasuliwa kama mwenye jipu. Si jipu. Ni kinga ya mwili iliyoishambulia kuvu kwa hasira. Kupasua na kukamua hakusaidii, na antibiotiki peke yake haitibu. Anahitaji dawa ya kuvu ya kumeza mapema, kwa sababu uvimbe huu ndio unaoacha kovu ambalo nywele hazitaota tena.

Shampuu ina nafasi yake, ila si ya kuponya. Shampuu ya seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5 au ya ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, povu likiachwa kichwani dakika 5 kabla ya kusuuza, hupunguza mbegu za kuvu zinazodondoka na kuambukiza wengine. Watoto wote wa nyumba hiyo waoshwe, na watu wazima pia. Mtu mzima huponyoka ugonjwa wenyewe kwa sababu mafuta ya ngozi yanayoanza kutoka baada ya kubalehe huzuia kuvu hizi, lakini anaweza kuzibeba kimya kimya na kumrudishia mtoto.

Naja kwenye lile linaloniudhi zaidi. Kwenye maduka mengi ya dawa, ukitaja neno mashilingi unapewa krimu ya mchanganyiko: dawa ya kuvu, dawa ya bakteria na steroidi, zote kwenye tyubu moja. Inauzika kwa sababu mwasho unaisha usiku huo huo. Steroidi hutuliza kinga ya ngozi. Magamba yanapungua, ukingo unalala, mnunuzi anarudi kushukuru. Wakati huo huo kuvu, ikiwa imeondolewa mlinzi, inatambaa. Ukiacha krimu, baka linarudi likiwa pana zaidi na halina umbo tena, kiasi kwamba hata mtaalamu anaweza kupotea. Madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliipa hali hiyo jina mwaka 1968. Kwa Kiswahili tungesema choa kilichojificha. Kwenye kinena na makwapa steroidi huacha ngozi nyembamba na michirizi isiyofutika.

Someni sanduku kabla ya kulipa. Betamethazoni, klobetasoli, mometasoni, deksamethazoni: hizo zote ni steroidi. Angalieni sana klobetasoli, maana jina lake linakaribiana na klotrimazoli na kazi zake ni kinyume. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa aiache na aende kliniki. Baka litawaka kwa siku chache, na pengine atahitaji dawa ya kumeza. Mafuta ya taa, maji ya betri na kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa kwa kitambaa havina hata faida hiyo ya kudanganya. Vinaunguza, na kidonda juu ya kuvu ni mlango wa bakteria.

Kwingine nitapita haraka. Wafugaji wa Njoro na Molo wakiona ndama ana vigaga vya kijivu vilivyokauka kuzunguka macho na shingoni, hayo ni mashilingi ya ng'ombe, na humhamia anayemkamata au anayekamua. Mbegu zake hukaa kwenye nguzo za zizi kwa miezi, hata miaka; nguo ya mikono mirefu na sabuni ni lazima. Paka na mbwa pia huambukiza. Wanaoshinda ndani ya gambuti, kwenye mashamba ya maua ya Naivasha au ya mpunga Ahero, hupata kuvu hizi kati ya vidole vya miguu: kausheni kati ya vidole kwa kitambaa, badilisheni soksi kila siku, na gambuti zilale zimepinduliwa. Joto la ziwani huleta kuvu ya kinena, ambayo kwa mwanamume kwa kawaida huacha korodani salama. Mitumba ifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Aliyeenewa mabaka mwili mzima, au ambaye yanarudi kila mara, apimwe kisukari na virusi vya Ukimwi.

Mtoto hahitaji kufukuzwa shule. Akishaanza tembe na shampuu, akome kubadilishana kofia, taulo na kitana, na asome. Kumweka nyumbani wiki 6 kunamwibia nusu ya muhula.

Tukirudi kwa kinyozi, lile sanduku lenye taa ya buluu linalowekwa kando ya kioo si kinga ya kutegemea. Mwanga huo huua panapopigwa moja kwa moja. Kati ya meno ya mashine palipojaa nywele na mafuta haufiki. Kazi inayofaa ni hii: piga brashi nywele zote zitoke, fungua meno ya mashine, yaoshe kwa sabuni, yaloweke dakika 10 kwenye klorini ya kufulia ya asilimia 3.5, ile wengi huiita Jik, kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, kisha suuza, kausha na utie mafuta, la sivyo yatashika kutu. Maji hayo yatengenezwe upya kila siku. Vitana na brashi vilowekwe vivyo hivyo. Mashine isitumbukizwe majini, ni meno tu. Mwenye seti mbili za meno hapotezi mteja, maana moja ikilowa nyingine inanyoa. Spiriti ya asilimia 70 ni bora kuliko kutofanya lolote, mradi nywele zitolewe kwanza na spiriti iachwe ikauke yenyewe badala ya kufutwa papo hapo.

Maafisa wa afya ya umma wanaokagua vibanda hivi huuliza leseni na cheti cha afya. Naomba waongeze swali moja: chombo cha kulowekea meno ya mashine kiko wapi, na maji yaliyomo yalichanganywa lini?

Mhudumu wa afya,
Kondele, Kisumu